Baba Mdogo Alipopanda Jukwaani

9 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo yako na ya Mama Mdogo. Sisi huku tunaamka, tunakula, tunagombana kidogo, tunalala, kwa hiyo hatujambo. Baba anakusalimu. Magoti yake yamegoma kupanda ngazi yoyote, siku hizi anakaa kibarazani anapokea wageni kama bwana mkubwa. Baba watoto hana kazi tangu walipomaliza kupaua ile shule mpya. Mwashi asiye na ukuta wa kujenga ni shida ndani ya nyumba: jana amebomoa banda la kuku lililokuwa zima ili alijenge upya. Mimi bado niko na tanuri langu. Mlango wake ulipasuka mwezi uliopita, nikaoka mikate nimeuzuia kwa bati na jiwe, na wateja wakasema ndiyo mikate mizuri kuliko yote ya mwaka.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu Mama Mdogo aliniambia simu kwako imebaki kuwa tochi. Si kitu. Kwenye karatasi angalau huwezi kujifanya hukunisikia.

Sasa lililonikalisha kitako. Tangu mvua zilipokatika, kuna magari meupe yanashuka bondeni, kule kwenye chemchemi yanakotoka maji ya mji mzima. Wametoboa mashimo membamba kila mahali na kufunga vitambaa vyekundu kwenye miti. Kumbe ni kampuni, na kinachotafutwa ni urani. Wanasema watafungua shimo kubwa la wazi, na maji yake machafu watayaweka kwenye bwawa lililotandikwa turubai chini. Turubai, Baba Mdogo. Langu la kufunikia magunia ya unga halimalizi mwaka.

Tumeunda kamati ya kupinga. Mwenyekiti ni yule mwenye duka la dawa karibu na soko, tunamwita Mfamasia. Mimi ndiye katibu, maana nina mwandiko unaosomeka na mdomo usiofungwa. Lile jina la Chiriku ulilonibandika utotoni sasa limepata kazi. Lakini kila mlango tunaobisha tunaulizwa swali lilelile: nani kati yenu amewahi kuuona mgodi wa urani kwa macho?

Ndipo nikakukumbuka. Wewe umefanya kazi ndani ya mgodi wa namna hiyo karibu umri wangu wote, mpaka mgodi wenyewe ulipofungwa. Tuandikie uliyoyaona. Au uje uyaseme mwenyewe, hilo ndilo bora. Wewe ni mzaliwa wa hapa, watu watakuamini.

Nakungoja.

Mwanao, Chiriku

3 Machi

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Barua yako imeletwa na dereva wa basi ikiwa na doa la siagi kwenye kona. Mama Mdogo wako alininyang'anya akainusa kwanza kabla hajaifungua.

Huku tupo. Paa linavuja palepale pa kila mwaka, nami nimelitegea sufuria yake, sasa tunaelewana. Kuku wameongezeka. Jogoo mmoja naambiwa anawika saa yoyote anayojisikia na mtaa mzima unamlaani. Mimi namwona tu anafungua mdomo. Drili za mgodini zilinichukulia masikio, lakini usingizi ziliniachia.

Mama Mdogo anaendelea na matibabu. Figo zake ni zilezile. Gari la zahanati linampitia kama kawaida kumpeleka hospitali kubwa kusafishwa damu, anarudi hana nguvu, analala. Kesho yake anaamka ananisema kuhusu viatu vyangu mlangoni, nami nikiona midomo inakwenda mbio hivyo najua wiki hiyo tumeivuka.

Mwambie kaka asipake magoti mafuta ya gari kama mwaka juzi. Mume wako avumilie, kazi za ujenzi huja kwa mkupuo.

Yale ya bondeni nimeyasoma. Ni mambo mazito na yana wenyewe. Ndani ya bahasha nimekuwekea mbegu za maboga. Zipandwe upande wa jua.

Baba yako mdogo

20 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mbegu zimefika, tumezipanda, watoto wanazifukua kila asubuhi kuangalia kama zimeota, kwa hiyo sidhani kama zitaota. Baba hajambo. Baba watoto alipata kibarua cha kujenga choo cha jirani, kikaisha.

Naomba nisikufiche kwamba barua yako iliniumiza. Nilikuuliza kuhusu mgodi ukanijibu kuhusu jogoo.

Juzi kamati yetu iliitwa kwenye ofisi ya serikali. Ofisa alitupokea kwa heshima, akatuagizia soda. Akanigeukia, "Mama, wewe ni mtaalamu wa miamba?"

Nikamwambia, "Mimi ni mtaalamu wa mikate."

Wote wakacheka, nami nikacheka nao. Tulipofika nje ndipo nikaelewa kwamba kile kicheko ndicho kilichokuwa jibu letu, na kwamba tumepewa na soda juu. Mfamasia alikwenda moja kwa moja dukani kwake. Alipofika alikuta mkaguzi anamsubiri, anataka kuona vibali vya dawa moja baada ya nyingine. Duka lile limekuwepo tangu sijaolewa na halijawahi kukaguliwa kwa namna hiyo.

Nikamwambia Baba kwamba nakuandikia tena. Akasema, "Mwache mdogo wangu. Ana sababu yake." Nikamuuliza sababu gani, akaanza kulalamikia magoti. Ninyi ndugu wawili mnajua kitu ambacho mimi sikijui. Mimi si mtoto tena, Baba Mdogo. Nina watoto wanaokunywa maji ya lile bonde.

Chiriku

9 Aprili

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Nisamehe.

Kaka yangu amesema kweli, sababu ipo. Mgodi wetu ulipofungwa, kampuni iliondoka na kila kitu kilichoweza kupakiwa kwenye lori, lakini zahanati waliiacha. Ni ya kwao mpaka leo. Dawa ni zao, daktari ni wao, na gari linalompeleka Mama Mdogo hospitali kubwa ni lao, na hospitali kule wao ndio wanaolipa. Wastaafu wote wa hapa na jamaa zetu tunaishi kwa ile zahanati. Hakuna aliyetuambia tunyamaze. Lakini fundi mmoja tuliyefanya naye kazi alizungumza na watu wa redio, na wiki iliyofuata jina lake halikuonekana dirishani pa dawa. Walisema ni makosa ya uandishi. Alikufa hayajasahihishwa.

Na kampuni iliyokuja kwenu ndiyo hiyohiyo. Wamebadilisha jina na rangi ya magari. Nilimwomba dereva wa basi anichoree alama iliyoko kwenye milango ya yale magari meupe. Ni ileile iliyoko kwenye shuka analolalia Mama Mdogo akiwa zahanati.

Sasa umejua. Usiniulize tena, maana nikiulizwa tena sijui nitasema nini.

Baba yako mdogo

Mwanangu Chiriku, huyu mume wangu anadhani amezificha barua zako chini ya godoro, kana kwamba godoro hilo halitandikwi na mimi. Nimezisoma zote. Atakuja. Nimemwambia kwamba mimi nimechoka kuwa sababu ya mtu mzima kukaa kimya. Alinuna, akaenda kuwatazama kuku, akarudi. Tutajie tarehe ya mkutano. Usimwandikie maneno mengi ya kumshukuru, atabadilisha nia. Mama Mdogo wako.

27 Aprili

Baba Mdogo na Mama Mdogo,

Shikamooni. Nimeandika barua hii mara mbili. Ya kwanza ilisema usije. Nimeichana, kwa sababu mkutano wa hadhara umetangazwa na kamati yetu imebaki watu wachache kiasi kwamba tunaenea kwenye benchi moja la tanurini kwangu. Watakuwepo wakubwa wa kampuni na wa serikali, na wamesema kila mwenye maoni atapewa nafasi.

Ni tarehe kumi na sita Mei, asubuhi, ukumbi wa mji. Shuka kituo cha mwisho, si kile cha sokoni, maana sokoni huwa wanapita tu. Nitakuwa hapo. Utalala chumba cha Baba, mkoromeane.

Mama Mdogo, nimefanya ulivyosema, sijaandika neno la shukrani. Mnajua mlivyo kwangu.

Chiriku

2 Juni

Chiriku,

Nimefika salama. Basi liliharibika kidogo njiani, tukashuka tukalitazama, likapona. Mikate uliyonifungia ilifika miwili, mingine tuliigawana abiria. Mama Mdogo anakusalimu na anasema ule wenye mbegu juu uongeze chumvi.

Nilifurahi kumwona kaka, ingawa amezeeka bila kuniambia. Mume wako ni mtu mpole, nilimpenda. Nilimwona ameshughulika sana na mlango wa tanuri lako siku ile ya mwisho. Mtu mwenye mikono ya namna ile hapaswi kukaa bure.

Nataka ujue kwamba sijutii kupanda lile jukwaa. Nimebeba maneno yale miaka mingi na sikujua kama yangetoka. Nilisema jinsi vumbi lilivyokuwa linakaa kwenye kikombe cha chai. Nilisema kuhusu wenzangu wa zamu yangu, nikawataja mmoja mmoja na namna kila mmoja alivyoanza kukohoa. Nilisema kuhusu kijito tulichokuwa tunaogea, na shimo lililobaki limejaa maji ya kijani na ua wa waya umeanguka, mbuzi wanakunywa. Na watu wa kwenu wana adabu. Hakuna aliyeinuka, hakuna aliyetikisika. Walinitazama kimya mpaka nikamaliza. Hata wale wakubwa wa meza ya mbele walikaa wakinitazama. Nawe ulinishika mkono nilipotelemka, ukaubana mpaka ukauma.

Nijulishe wameamuaje.

Gari la zahanati liko gereji wiki hizi. Tunatumia basi kwa muda.

Baba yako mdogo

11 Julai

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu. Nilikuwa na sababu ya kazi, kisha nikawa na sababu ya ugonjwa wa mtoto, kisha zikaisha sababu na bado sikuandika.

Wameamua. Kibali kimetolewa. Tulisikia redioni kama watu wengine, nilikuwa nakanda unga. Mfamasia amefunga duka na kuhamia kwa wakwe zake. Hakuaga. Nilipita nikaona karatasi mlangoni imeandikwa "Tumehama" na chini yake mtu ameandika "Na sisi je?" Kamati sasa ni mimi, mwalimu mmoja mstaafu, na mama muuza mkaa ambaye huja kwa sababu ya mikate.

Barua yako ya Juni imenichoma. Nimeisoma nikiwa peke yangu, nikaiweka, nikaichukua tena. Sikutaka kukwambia hili, lakini siwezi kukuacha ukikumbuka jambo ambalo halikuwa.

Walikuzimia spika. Ulisema jina lako, ukasema umefanya kazi mgodini, na sentensi hiyo yote ukumbi uliisikia. Kisha kijana mmoja aliyevaa shati la kampuni alikwenda nyuma ya pazia, na sauti ikakatika. Nilimwona. Wewe siku hizi husema taratibu, kwa kuwa hujisikii, na ukumbi ule ni mkubwa. Walioko mstari wa mbele walisikia, na mstari wa mbele wote ulikuwa wa kampuni na wa serikali. Nyuma watu waliona mzee anafungua na kufunga mdomo. Walinyamaza kwa sababu walikuwa wanajaribu kusikia. Mmoja alisema kwa sauti, "Hatusikii huku," na mwendesha mkutano akamwambia asimkatize mzee.

Nilisimama niende mbele. Baba watoto akanishika. "Ukienda atajua," akaniambia. "Mwache amalize." Nikakaa. Bado sijui kama alinikalisha kwa ajili yako au kwa ajili yake. Ulipotelemka ukanitazama usoni, na mimi nikasema umesema vizuri. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Na wewe nakuomba ukweli mmoja. Dereva wa basi ananiambia anawaona wewe na Mama Mdogo stendi kila wiki, naye amejifunga shuka amekuegemea. Nikamuuliza kuhusu gari la zahanati. Akasema gari ni zima, anapishana nalo njiani.

Chiriku

30 Septemba

Mwanangu,

Usijilaumu kwa kuchelewa, na mimi nimechelewa.

Nianze na la spika, ndilo jepesi. Nilijua. Spika yenyewe walikuwa wameiweka juu ya zile mbao za jukwaa, karibu na miguu yangu. Mtu aliyezibwa masikio hujifunza kusikia kwa kwingine. Niliposema jina langu, mbao zilitetemeka na nikaipata sauti yangu kwenye nyayo. Sentensi ya pili, nyayo zikanyamaza. Nikawatazama wale wa mbele, nikaona mmoja ameinamisha kichwa anatabasamu akikitazama kiatu chake. Nilikuwa naweza kutelemka. Lakini nilikuwa nimeshafika pale, Mama Mdogo alikuwa amenipigia pasi lile shati, nawe ulikuwa umesimama mlangoni tangu alfajiri ukingojea watu waje. Nikaona niyamalize. Sikuwa na mahali pengine pa kuyapeleka. Kisha nikakuandikia ile barua kwa sababu nilikuona uso wako na nilitaka uwe na kitu cha kushika.

Mume wako alikushika vizuri. Usimhukumu kwa hilo.

Gari halikuwahi kuwa gereji. Wiki ileile niliyorudi tulisimama barabarani tukingoja, likapita. Dereva alitazama mbele. Ni mtu mwema, tumekula naye, na siwezi kusema angefanya nini tofauti. Nilikwenda dirishani pa zahanati, binti akaniambia jina la Mama Mdogo halipo, akaniandikia kwenye karatasi kwa kuwa simsikii. "Halipo." Nikamwandikia chini yake, "Litarudi lini?" Akainua mabega. Nikaona macho yake yamejaa, nikamwacha.

Tulipanda basi. Alipaswa kwenda mara mbili kwa wiki, tukawa tunaweza mara moja. Kisha mara moja ikawa pale inapowezekana. Alianza kuvimba miguu, halafu uso. Hakunisema tena kuhusu viatu. Siku moja niliviacha mlangoni kabisa, katikati, makusudi. Akavitazama akavipita.

Tumemzika tarehe nne mwezi huu. Sikukuletea habari mapema kwa sababu ungepanda basi na kuliacha tanuri na watoto, na usingeukuta hata mwili. Majirani walifanya kila kitu.

Kabla hajazidiwa aliniuliza, akiandika kwa kidole mkononi mwangu, kama walinisikia kule. Nikamwambia walinisikia wote.

Baba yako mdogo

18 Oktoba

Baba Mdogo,

Pole. Nimeandika neno hilo na kulitazama, halitoshi, na sina jingine.

Barua yako niliisomea tanurini. Mama muuza mkaa aliniona nimekaa sakafuni akafunga mlango, akauza mikate yote badala yangu bila kuniuliza kitu. Nilipomsomea Baba, alisema, "Amemwacha mdogo wangu peke yake," akimsema Mama Mdogo, kama mtu aliyekasirika. Kisha akaomba fimbo yake aende akutafute. Tulimkuta amefika getini, magoti yamemkatalia, analia amesimama.

Mimi ndiye niliyekuita uje. Mimi na yale maneno yangu ya kwamba mimi si mtoto. Najua utanijibu kwamba ni Mama Mdogo aliyekutuma. Lakini aliyeandika barua ya kwanza ni mimi.

Ngoja nikupe habari za huku, maana hata hizo nimezikalia. Bonde limezungushiwa ua. Miti yenye vitambaa vyekundu imekatwa yote, na usiku hata mchana kuna mashine. Chemchemi bado inatoa maji. Wamepeleka mtu wa kuyapima, tukaambiwa yako salama. Tukauliza nani amemlipa mpimaji, tukaambiwa swali hilo si la kitaalamu. Mwalimu mstaafu bado anaandika malalamiko, anayapeleka mwenyewe kwa miguu, anagongewa muhuri wa kupokelewa, anarudi. Nadhani sasa anapenda ule muhuri.

Na lingine, ambalo nimelificha tangu Agosti. Baba watoto amepata kazi. Kule. Alianza kwa kujenga mabweni ya wafanyakazi, na kazi ya kujenga ilipoisha wakamwambia kuna nafasi shimoni. Aliniambia tukiwa tunakula, huku anamkatia mtoto nyama. "Siwezi kukaa tena nikibomoa banda la kuku," akasema. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, Baba Mdogo, na mimi unanijua. Nikaitazama mikono yake, ilikuwa imepata kazi. Nikamwongezea mchuzi. Sasa mume wa katibu wa kamati anaondoka asubuhi na gari jeupe, linamsubiri mbele ya tanuri langu, na majirani wananisalimia kwa namna mpya.

Njoo ukae nasi. Najua nakuita wapi. Sina pengine pa kukuita. Baba anakuhitaji na wewe huna mtu wa kukuandikia kwenye karatasi ukiambiwa kitu.

Chiriku

12 Novemba

Chiriku mwanangu,

Marahaba kwa salamu zote ulizosahau kuziandika.

Nitakuja. Nimeuza kuku, jogoo nimempa jirani ambaye ndiye aliyekuwa anamlaani zaidi, na sasa anamfungulia mlango kwa mkono wake. Nyumba ni ya kampuni, kwa hiyo haina cha kuuzwa. Nangoja tu fundi amalize kusimika jiwe la Mama Mdogo, kisha napanda basi. Kuondoka kwenye shimo moja kwenda kukaa karibu na lingine, kwa umri huu, hata mimi limenichekesha. Lakini kaka yangu yuko huko.

La kuniita umelibeba vya kutosha, liweke chini. Sitalijibu zaidi ya hapo.

Kuhusu mume wako, usimfanye mkimya ndani ya nyumba yake. Nami nilikwenda hivyohivyo, kwa sababu ya mikono iliyokosa kazi. Hakuna aliyekwenda kwa sababu ya ubaya.

Sasa kuna jambo ambalo ukumbini sikulisema, wala kwenye spika wala spika ilipozimwa, kwa kuwa Mama Mdogo alikuwa hai na hakupenda asemwe mbele za watu. Alikuwa hajawahi kuingia mgodini hata siku moja. Mimi niliyeingia, figo zangu nzima. Yeye alikuwa anafua. Nilikuwa narudi jioni ovaroli imekauka kwa vumbi, ananivua mlangoni, anaikung'uta kwenye nguzo, anailoweka, anaifikicha kwa mikono. Maji yale alikuwa anamwagilia mchicha. Miaka yote ile, na hakuna mtu mmoja wa kampuni aliyewahi kutuambia tusifanye hivyo.

Hakuna daktari aliyeandika kwamba ndicho kilichomuua, na mimi si daktari. Ninachojua ni mtaa huu. Wake wa wenzangu wote wa zamu walikuwa wanafua. Ukipita hapa jioni sasa hivi utaona wanaume tu jikoni. Wazee wazima, kila mmoja na sufuria yake ndogo, tunaulizana kupitia uani chumvi huwekwa lini.

Kwa hiyo mwambie avue nguo za kazi hukohuko na aoge hukohuko. Wakimwambia hakuna pa kuogea, avue nje, mbali na watoto, na azifue yeye mwenyewe. Akikuomba uzishike mara moja tu kwa kuwa amechoka, kataa, hata mkigombana. Maji yake yasimwagwe kwenye maboga. Nitakapofika nitamwambia mwenyewe, mwanamume kwa mwanamume, lakini nimeona barua itangulie. Na hata hivyo inakuja na basi, na nguo zake za wiki hii najua umeshaziloweka.

Baba yako mdogo